Gesi Hailiwi

Machi, Kuze. Joto limekaa kitako sebuleni
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mashine ya baridi chumbani kwa mama
inakohoa, inatoa pumzi ya moto,
na chini yake beseni, na ndani ya beseni
tone, tone, tangu alfajiri.

Fundi wa kwanza alikuja na kofia safi.
Hakuomba ngazi. Alisikiliza akiwa mlangoni,
akasema, "Gesi imekwisha,"
kama daktari anayetaja malaria kabla hajatoa damu.
Elfu sita na mia tano. Nikatoa.
Nauli ya mtungi, mia tano. Nikatoa.
Usiku ule mama alijifunika shuka ya pili,
akasema, "Mungu akupe."
Baraka ile ilidumu siku kumi na tisa.

Akarudi. "Imekwisha tena, dada.
Mashine yenu inakula sana."
Nikatoa. Sijui kwa nini nilitoa.
Labda mwenye mashine mbovu
humwonea fundi haya, kana kwamba yeye ndiye aliyeivunja.

Bi Thureya wa ghorofani akanipa namba ya Mbodze,
msichana wa Kisauni, ovaroli imemzidi mikono,
kikombe cha povu la sabuni, brashi ya kunyolea ndevu.
Alilala kifudifudi juu ya bati la jirani,
akalipaka povu bomba la shaba, kiungo kwa kiungo,
akangoja.
"Njoo uone."
Povu lilikuwa linapumua.
Kitundu kama jicho la sindano, kijani pembeni,
chumvi imekaa hapo ikitafuna
miaka minane, bila kelele, bila likizo.

"Gesi hailiwi, dada. Haichakai.
Ikipungua, imetoka.
Kabla ya kuilipia, uliza imetokea wapi."
Nimeyaandika hayo kwa wanja
ndani ya mlango wa kabati.

Kisha hesabu, kwenye karatasi ya daftari:
kulehemu bomba, elfu tatu;
gesi, ile ile, elfu sita;
kapasita, elfu moja mia nane,
"na ya zamani nakuachia, uione ilivyovimba."
Feni ya nje: akanyamaza.
Feni ya nje: elfu kumi na moja.
"Mpya nzima ni arubaini na tano, hujaifunga.
Kwa hewa hii, miaka minane ni uzee.
Ningekuwa wewe, bomba ningelitengeneza,
feni ningeiacha ilie hadi Desemba.
Lakini nyumba ni yako."

Nyumba ni yako.
Neno tamu, mpaka uletewe karatasi.

Mama, tuliyedhani amelala, akauliza,
"Na dirisha?"
Dirisha gani, mama?
Akanyoosha kidole juu ya kitanda,
pale rangi ilipo nyeupe kuliko kwingine.
Palikuwa na dirisha la mbao, la kufungukia uchochoroni.
Tuliliziba mwaka tulipoifunga mashine, baridi isitoroke.
Mwashi nilimlipa mimi: elfu nne, saruji juu yangu.
Wahenga walinionya kuhusu ufa usiozibwa.
Kuhusu dirisha lililozibwa hawakunena kitu.

Nikamwuliza Mbodze kubomoa ni kiasi gani.
Akacheka. "Mimi ni wa baridi. Hiyo ni ya mwashi."
Lakini akaugonga ukuta kwa kitako cha bisibisi,
mara mbili, sikio karibu,
ukaitika kwa sauti nyembamba.
"Tofali moja tu. Usizidishe elfu tano."

Bomba limelehemiwa. Feni inalia.
Mama amegeuza mto wake, kichwa
kimekuwa upande wa miguu,
anautazama ukuta kama mtu anayengoja barua.
Jumamosi mwashi anakuja.
Nina swali moja la kumwuliza
kabla hajafungua mfuko wake.